Taa Inawaka Kisimani

Nyinyi mlilikunja gazeti mkaenda zenu kula. Mkalimani hakuenda popote. Tangu wiki jana amesimama pale pale mbele ya wageni, kipaza sauti mkononi, anasikiliza bomba.

Na bomba limenyamaza.

Kwa uliyekosa gazeti, au uliyelifungia sabuni kabla ya kulisoma, nakueleza haraka haraka, maana kuna mtu chini ya ardhi. Ukame umeukausha mtaa. Wafadhili wa ng'ambo walileta pampu mbili za petroli ziwekwe juu ya kisima kilicho nyuma ya zahanati. Maji yakazidi kushuka, pampu za juu zikawa zinavuta upepo mtupu. Basi Fundi, kaka yake Mkalimani, akaishusha moja ndani ya kisima, akaiweka kwenye jukwaa la mbao karibu na maji. Ikavuta, mtaa ukanywa.

Lakini wafadhili wamekataza jambo hilo kabisa. Pampu ikikutwa ndani ya kisima, mradi unafungwa. Na leo wamekuja kuamua kama mtaa huu utapewa kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mtambo, kile ambacho hakiogopi ukame.

Asubuhi pampu ya chini ikazimika wageni wakiwa njiani. Fundi akashuka kuiwasha. Wageni nao wakafika mapema. Mwenyekiti wa kamati ya maji akafunika kisima kwa mbao, na juu ya mbao akaweka ile pampu ya pili, mbovu, iliyosuguliwa hadi ikang'aa, ionekane ndiyo inayofanya kazi. Kamba nene ya Fundi, ambayo ingemsaliti, akaisukuma kwa mguu ikaanguka ndani.

Fundi mwenyewe alikubali, nisimwonee mtu. Alisema, “Funikeni tu. Nitakuwa nagonga bomba. Mkinisikia, mjue niko salama.”

Akagonga. Mbili za haraka, kisha moja. Ndiyo hodi anayobisha nyumbani kwa mama yao tangu utotoni, na ni kwa hodi hiyo dada yake, katikati ya hotuba, alitambua kaka yake yuko wapi. Kisha hodi ikakoma. Hapo ndipo tulipoachana.

“Tafsiri,” Mwenyekiti alimnong'oneza huku akiwachekea wageni. “Waambie maji haya hayajawahi kukatika.”

“Kaka yangu ameacha kugonga. Yuko wapi?”

“Tafsiri kwanza.”

“Mwenyekiti, bado yuko chini?”

“Alishatoka. Amekwenda kununua petroli.”

Mkalimani akatazama ukuta wa zahanati. Ndala za Fundi, zile alizozishona kwa waya, zilikuwa juu ya tofali. Fundi hushuka kisimani peku. Barabarani hatembei peku hata umlipe, mawe yanachoma.

Akafungua mdomo kusema, na hapo hapo chini ya mbao injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Maji yaliyokuwa yakimiminika bombani mbele ya wageni yakawa uzi, yakawa matone, yakaisha. Kimya kile, msomaji wangu, kinanitia baridi mimi mwenyewe ninayekiandika. Injini ilipokuwa inanguruma, mtu angeweza kujidanganya kwamba hodi imemezwa na kelele. Sasa kelele hazipo, na hodi pia haipo.

“Waambie ni petroli tu,” Mwenyekiti alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. “Waambie kwa maneno mazuri.”

Mkalimani akainua kipaza sauti. Kwa lugha ya wageni, taratibu, kwa sauti ile ile ya hotuba, akasema: “Pampu mnayoiona haifanyi kazi. Inayofanya kazi iko ndani ya kisima, na kaka yangu yuko nayo, chini ya zile mbao. Ameacha kujibu. Naomba mnisaidie.”

Mwenyekiti, ambaye lugha ile haijui hata salamu, alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Mwishoni akapiga makofi. Kamati nzima ikapiga makofi.

Wageni hawakupiga. Mmoja wao, mhandisi mwanamke ambaye watoto wa mtaa walishambandika jina la Mama Buti kwa ajili ya viatu vyake, aliruka kamba ya turubai la wageni akatimua mbio kuelekea kisimani.

“Umewaambia nini?” Mwenyekiti aliuliza, mikono bado imegusana.

“Nimewaambia ukweli.”

“Umetuua. Mtaa mzima umeuua.”

“Anayekufa yuko chini,” Mkalimani akasema, naye akakimbia.

Mbao zikatupwa huku na huku. Ile pampu iliyong'arishwa ikabiringishwa kando. Kisima kikafumbuka, na kikatoa pumzi ya moto yenye harufu ya petroli iliyoungua. Kina mama waliokuwa wamepanga madumu yao kwenye foleni wakaja wote, na mbele yao mama mzazi wa Fundi, dumu tupu bado mkononi.

“Mwanangu yumo humo?” aliuliza.

Kila mtu alitazama pengine. Akaliweka dumu chini, akakaa juu yake.

Mwenyekiti hakuwa jiwe. Alipiga magoti ukingoni, akaita, “Fundi. Fundi, ndugu yangu.” Kisima kikamrudishia sauti yake mwenyewe.

“Leteni taa,” akasema.

Hili la taa kila mtu wa mtaa ule analijua. Kabla hujashuka kisimani unatanguliza taa ya mafuta kwa uzi. Ikizima, chini hakuna hewa, usishuke. Ikiwaka, shuka. Babu zao walifanya hivyo wakazeeka.

Taa ikashuka. Shingo zote zikainama. Ikapita ngazi ya vyuma iliyopigiliwa ukutani, ikapita alama ya maji ya zamani, ikafika chini. Ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na mwangani mwake ukaonekana mguu wa mtu, peku, umelala kwenye jukwaa.

“Hewa ipo,” Mwenyekiti akasema, na watu wakashusha pumzi.

Mrefu alishavua shati. Mrefu ni mtoto wa pekee wa Mwenyekiti, kijana wa kuoa mwezi ujao, na ndiye msaidizi wa Fundi. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye chuma cha kwanza pale Mama Buti alipomshika mkono, akaanza kusema kwa haraka mno.

“Anasemaje?” Mrefu akamuuliza Mkalimani.

“Anasema usishuke. Anasema taa inadanganya.”

“Taa haijawahi kudanganya,” Mwenyekiti akasema.

“Anasema ni kweli, kwa kisima kitupu. Humu kulikuwa na injini. Moshi wa injini una sumu isiyozima taa. Taa inawaka na mtu anakufa pembeni yake.”

Watu wakanung'unika. Mgeni wa jana anawaambia kuhusu taa.

“Na wewe je?” Mrefu akamtazama usoni. “Achana na kutafsiri. Wewe unaamini?”

Mkalimani akautazama ule mguu. Kama mgeni amekosea, kila neno wanalobishana linamla kaka yake. Kama mgeni amesema kweli, anampeleka mtoto wa watu kufa. Aliogopa huku, akaogopa na huku.

“Sijui,” akasema.

Jamani, neno dogo lile.

“Basi mimi najua,” Mrefu akasema. “Fundi ndiye aliyenitoa kijiweni akanipa kazi.” Akajinasua mkononi mwa Mama Buti, akashuka haraka kama mtu anayeshuka ngazi za kwao.

“Nimefika,” sauti yake ikapanda. Watu wakatabasamu. Mwenyekiti akamgeukia Mkalimani kwa jicho la kusema, umeona?

“Anapumua,” Mrefu akasema. “Kidogo, lakini anapumua. Ngoja nimgeuze. Kumbe mzito hivi. Baba, kichwa kinanigonga. Baba, hizi mbao mbona...”

Wakasikia kitu kinaanguka. Hakikuwa kishindo, kilikuwa kama gunia linawekwa chini.

Na taa, pale pembeni, ilikuwa inawaka vilevile. Sasa ilionyesha miguu mitatu, mmoja peku na miwili yenye viatu.

“Mrefu,” Mwenyekiti akaita. Akasubiri. “Mrefu, nijibu.” Akasubiri tena. Halafu akamwita kwa sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kumsikia nayo, ile ya mzazi anayebembeleza mtoto mgonjwa. “Baba. Nijibu, baba yangu.”

Akainuka, akaingiza mguu kisimani. Mkalimani akamrukia, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote kwenye vumbi.

“Niache. Taa inawaka.”

“Ndiyo inayoniogopesha,” Mkalimani akasema, na hakumwachia. “Asishuke mtu. Hakuna anayeshuka.”

Safari hii hakusubiri kutafsiri. Na wanaume watatu waliokuwa wanakunja suruali wakasita.

Mama yake akainuka kwenye dumu. Akaja mpaka karibu.

“Kaka yako yuko humo, na wewe unazuia watu?”

“Mama, akishuka mwingine watakuwa watatu.”

“Hayo maneno ni yako au ya yule mgeni?”

Tangu asubuhi Mkalimani alikuwa amebeba maneno ya watu, ya Mwenyekiti kwenda kwa wageni na ya wageni kuja kwa Mwenyekiti, na kama ni uongo, uongo haukuwa wake. Hapa hapakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake.

“Ni yangu, mama,” akasema. Mama akamtazama kama mtu asiyemfahamu, akageuza uso.

Hapo Mama Buti akashika usukani. Alichomoa mwavuli mkubwa uliokuwa unawakinga wageni na jua, akaufunga kamba nyembamba ya turubai kwenye mpini, akauteremsha kisimani ukiwa umefunguliwa, akauvuta juu, akauteremsha, akauvuta. Kila ulipopanda ulileta joto na ile harufu.

“Anasema tuitoe hewa mbaya kama mtu anayepuliza jiko,” Mkalimani akasema. “Tupokezane, tusisimame.”

Mama yake ndiye aliyeipokea kamba ya mwavuli kwanza. Alivuta kwa nguvu zake zote, mdomo ameubana, na kina mama wakajipanga nyuma yake kama walivyokuwa kwenye foleni ya maji.

Ng'ambo ya barabara kuna Pancha, fundi wa matairi, mtu wa maneno mengi ambaye hushinda akiwatania wapita njia. Leo hakutania. Alikuja anasukuma mashine yake ya kujazia upepo, mpira umezungushwa shingoni.

“Iwekeni kule mbali, moshi wake usirudi kisimani,” Mkalimani akamwambia. “Mpira ndio ufike hapa.”

“Utafika. Nimeuunga na wa jirani. Nani anakwenda nao?”

Dereva wa wageni alishaleta kamba ya kukokotea gari, imara, ila ilikuwa moja tu. Kamba nene ya kisima ilikuwa chini kabisa, pale Mwenyekiti alipoisukuma.

Mama Buti akaanza kujifunga kamba kiunoni. Mkalimani akamshika mkono, akamwambia kwa lugha yake, “Ukianguka wewe, nani atajua la kufanya?”

Mhandisi yule akamtazama. Kisha akafungua fundo, akaanza kueleza, na Mkalimani akatafsiri kwa sauti ili wote wasikie.

“Anayeshuka awe mwepesi. Mpira aufunge karibu na mdomo, apumue hewa ya mpira tu. Akifika chini ajifungue kamba, amfunge anayepumua kwa shida zaidi, ndiye atangulie. Na azungumze bila kukoma, tangu juu mpaka chini. Akinyamaza, tunajua ameshikwa, tunavuta.”

Alipomaliza, alikuta watu wote wanamtazama yeye. Mwenye kazi ya kuzungumza alikuwa mmoja tu pale.

Wakamfunga. Mwenyekiti akaishika kamba akiwa wa kwanza ukingoni, na wanakamati nyuma yake.

“Nenda na Mungu, mwanangu,” mama yake akasema, bila kuacha kuvuta mwavuli, kisha akautoa kumpisha njia. Lile neno mwanangu, Mkalimani alishuka nalo.

Sasa aseme nini? Hebu jaribu wewe kuzungumza peke yako hata unapopanga vyombo, uone maneno yanavyokimbia. Mkalimani alipata ya karibu tu, na ya karibu ilikuwa hotuba ya asubuhi.

“Waheshimiwa wageni wetu, karibuni sana,” akasema, mguu ukitafuta chuma. “Mtaa wetu una furaha kubwa. Kamati ya maji inafanya kazi usiku na mchana. Chuma hiki kinacheza. Maji haya hayajawahi kukatika. Hayajawahi kukatika, waheshimiwa. Naona taa. Karibuni sana.”

Juu, Mwenyekiti alikuwa anasikia maneno yake mwenyewe yakitoka ardhini. Akaikaza kamba mikononi.

“Nimefika,” Mkalimani akasema. Mpira ulimpuliza mdomoni, na kichwa kilikuwa kizito kidogo, kizito kidogo tu. “Nawaona wote wawili. Nagusa. Nagusa, waheshimiwa.”

Mrefu alikuwa ameanguka juu ya miguu ya Fundi. Alikuwa anakoroma. Vidole vyake vilikuwa vinacheza, kope zinacheza.

Fundi hakucheza kitu. Spana ilikuwa bado mkononi mwake, imeegemea bomba. Mkalimani akaweka shavu kwenye pua yake, akangoja. Akangoja sana. Kitu kikamgusa shavuni, chembamba, kisha hakikuja tena, kisha kikaja.

“Mwanangu yu hai?” sauti ya Mwenyekiti ikashuka.

“Yu hai. Anakoroma. Wote wako hai, namshukuru Mungu, naendelea kusema, nimejifungua kamba.”

“Mfunge Mrefu kwanza.”

“Mama Buti alisema anayepumua kwa shida...”

“Mfunge Mrefu kwanza. Kamba nimeishika mimi.”

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kwa sauti ya chini, na ndiyo maana Mkalimani aliogopa. Aliangalia juu. Uwazi wa kisima ulikuwa mdogo kama sahani, na kichwa cha Mwenyekiti kiliuziba karibu wote. Angeita Mama Buti, lakini Mama Buti asingeelewa mpaka aelezwe, na pumzi ya Fundi haikuwa ya kungoja maelezo.

Akampitishia kaka yake kamba kwapani. Fundi ndiye aliyepumua kwa shida zaidi. Fundi pia ndiye kaka yake. Ni lipi kati ya hayo mawili lililokaza fundo lile, msiniulize mimi, wala yeye hakujiuliza.

“Nimefunga,” akasema.

“Nani?”

Asubuhi nzima Mkalimani alikuwa amemsemea Mwenyekiti uongo. Huu ulikuwa wa kwanza kumwambia yeye.

“Mrefu. Vuta.”

Kamba ikakaza. Fundi akanyanyuka, kichwa kimelala begani, akapita usoni kwa dada yake, akapanda. Mkalimani akaendelea kusema, maana lazima aseme. “Anapanda, waheshimiwa. Polepole chumani. Ana mama, anasubiriwa. Karibuni sana, karibuni.” Alimvuta Mrefu, akamlaza magotini pake, akausogeza mpira ukawa katikati ya midomo yao wawili.

Juu, mwanga ukazibwa, ukafunguka. Nyayo mbili, peku, ndizo zilizomaliza kutoka.

Akasikia mama yake anasema, “Mwanangu.” Akasikia vishindo vya miguu, watu wote wakikimbilia upande mmoja. Kisha kichwa kimoja kikarudi ukingoni.

“Ulisema Mrefu,” Mwenyekiti akasema.

“Yupo magotini pangu. Anapumua. Niteremshie kamba, nakuapia, namfunga sasa hivi.”

“Ulisema ni mwanangu.”

“Teremsha kamba, Mwenyekiti.”

Mrefu akafumbua macho. Hakujua yuko wapi. “Baba yuko wapi?” akauliza kwa ulimi mzito.

“Yuko juu,” Mkalimani akamwambia. “Anakuletea kamba.”

Na kweli aliileta. Mwenyekiti, mikono haimtii, machozi yamemziba macho, akaikusanya kamba yote kwa pupa ya baba, akaitupa kisimani.

Ikaja. Ikampiga Mkalimani begani, ikaendelea kuja, ikajikunja miguuni, juu ya ile nene iliyosukumwa asubuhi. Akaishika, akaivuta kidogo kuona kama juu kuna mtu ameishikilia. Ikamfuata yote, nyepesi, mpaka ncha ya mwisho ikamdondokea mapajani.

Kule mbali mashine ya Pancha ikakohoa. Ikakohoa tena.

Na Mkalimani, aliyeambiwa asinyamaze kwa lolote, akanyamaza.